Bi Inshirah anawapa wafu wa Tanta nafasi yao

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Maharage ya fuli yanatokota polepole jikoni, na Bi Inshirah Abdul-Gelil yuko mezani, miwani moja machoni na nyingine kichwani, anasogeza kompyuta yake mbali kidogo na bakuli la jibini isije ikapata mafuta.

Mbele yake wako wafu kumi na tisa.

"Leo wachache," anasema bila kuinua macho. "Jana walikuwa ishirini na sita. Joto likipanda, wazee hawangoji."

Kazi yake ni ukurasa wa tanzia katika tovuti ya gazeti la Mwito wa Delta. Tanzia zenyewe haandiki. Zinaandikwa na wenye msiba, kwa machozi na kwa simu, na zikifika zimeshikamana kama tende za kikapuni. Mistari imepotea njiani, aya zimegandana, jina la mjane limebanwa ubavuni mwa daktari wa meno ambaye ni mtoto wa shangazi tu. Bi Inshirah anazitenganisha moja moja. Lazima amalize kabla ya saa moja, maana saa moja mji wetu wa Tanta unakunywa chai na kutazama nani kaondoka, ujue adhuhuri uende msikiti gani.

"Ziko nafasi mbili tu," anasema, na kidole chake cha shahada kinagonga meza. "Pazia na ukuta. Watu wa nyumba moja unawatenga kwa pazia: huyu mke, hawa watoto, hawa wakwe. Mstari unashuka, lakini wako chini ya dari moja. Nyumba na nyumba unaziwekea ukuta. Basi. Mtu akikwambia kazi hii ni ngumu, anataka aongezewe mshahara."

Kwenye kompyuta, kitufe kikubwa cha kulia kikibonyezwa peke yake kinajenga ukuta: aya mpya, na uwazi mpana juu yake. Kikibonyezwa pamoja na kile kidogo cha pembeni, kinashusha pazia: mstari mpya tu, karibu karibu. Mkono wake unajua njia kama mkono wa mtu anayekanda unga.

Ana kitendawili chake, humtegea kila anayekuja kuketi naye pale mezani.

"Nikiwepo hunioni, nikitoweka mnagombana."

Wengi husema afya. Wengine husema pesa. Mjukuu wake aliwahi kusema chumvi, akapewa pipi kwa kujaribu.

"Ni nafasi," anasema Bi Inshirah. "Ile nyeupe katikati ya maneno. Nani amewahi kufungua gazeti akaisifu? Lakini iondoe uone."

Na mwaka huu iliondoka, akaona. Asubuhi hii ya Alhamisi anafanya kazi kama kawaida, lakini kabla jua halijazama lazima ampe jibu mhariri mkuu wake. Ama aandike mstari mmoja anaoukataa, ama auache ukurasa alioushika kwa miaka arobaini na sita.

*

Aliingia gazetini mwaka 1979, msichana wa miaka kumi na minane kutoka mtaa wa Sigar, amemaliza cheti cha biashara na nywele amezifunga kwa utepe wa buluu. Wakati huo ilikuwa wembe na gundi, kompyuta hazikuwepo. Habari zilitoka kwenye mashine zimepigwa juu ya karatasi ndefu nyembamba, nao wasichana walizikata na kuzibandika juu ya ubao mkubwa, safu kwa safu. Meza zilikuwa za kioo, na taa zilikuwa chini ya kioo, kwa hiyo nyuso zao ziling'aa kutoka kidevuni kwenda juu.

"Tulikuwa wasichana saba. Ukituona usiku ungesema majini," anacheka. "Joto la taa, harufu ya gundi, na redio ya Bi Awatif inayoshika kituo kimoja tu. Tukikata karatasi wote pamoja ungesikia kama mvua ndogo. Mpaka leo nikisikia mtu anachana bahasha, moyo unageuka nyuma."

Mkubwa wa chumba alikuwa Mwalimu Labib, Mkristo wa Kikopti, mwembamba, wa mji wa Mahalla, aliyevaa koti la sufu hata mwezi wa saba. Ndiye aliyempa ukurasa wa wafu, kwa sababu wengine waliuogopa. Alimpa pia kopo la halua lililojaa vipande vyeupe vya karatasi, vimekatwa kwa ukubwa mbalimbali, vingine vyembamba kama ukucha.

"Nikamuuliza, Mwalimu, havina maneno. Akaniambia: hiyo ndiyo kazi yako, binti yangu. Maneno wanayo wenyewe."

Mwalimu Labib hakutumia rula. Alikunja jicho moja, akapuliza ile karatasi ikakaa, akasema "hapa" au "bado". Alikuwa na neno alilolirudia mpaka wasichana wakamwigiza kwa kukunja pua: usizike wawili kaburi moja. Tanzia ya waziri mstaafu na tanzia ya muuza figili, kati yao kipande kilekile cheupe, kipana kilekile. Waziri alilipia mistari hamsini. Muuza figili alipewa mitatu ya bure, maana gazeti lilikuwa na desturi, na bado linayo, ya kumpa maskini mistari mitatu.

Mwalimu Labib alifariki mwaka 1998. Ni Bi Inshirah aliyeipanga tanzia yake. Anasema alikunja jicho moja, akapuliza, halafu hakuona kitu kwa machozi, akangoja mpaka akaona.

Wasichana saba wamebaki wawili, naye Bi Awatif yuko Aleksandria kwa binti yake na hasikii tena. Meza za kioo ziliuzwa kwa mwenye duka la samaki. Ukurasa ulihamia kwenye tovuti, na Bi Inshirah akahamia nao, akiwa na miaka arobaini na kitu, akajifunza vitufe kwa kuviandikia majina kwa rangi ya kucha.

Mshahara wake wa kwanza ulikuwa paundi ishirini na mbili. Sasa anapokea elfu tano na mia mbili.

"Nilipiga hesabu siku moja buchani," anasema. "Ule wa kwanza ulininunulia nyama kilo kumi na moja. Huu unanunua kumi na mbili. Kwa hiyo miaka arobaini na sita nimeongezwa kilo moja, na nadhani ina mfupa."

*

Kilichotokea kilitokea wiki tatu zilizopita, na Bi Inshirah hamfichi mtu.

Siku hiyo tanzia mbili zilifuatana. Ya juu ilikuwa ya Haji Zaghlul Abu Stet, mwenye kiwanda cha kuchambua pamba, mistari hamsini na minne ya watoto, wakwe, wajomba, majaji na wahandisi. Mwisho wake ilisema amezikwa kijijini kwao. Matanga hayakutajwa, kwa sababu wanawe waliamua hayatakuwepo. Ya chini ilikuwa ya Bayumi Atris, fundi wa majiko ya mafuta ya taa, wa mtaa wa Darb Siraj. Mistari mitatu ya bure. Wa mwisho ulisema matanga ni leo baada ya magharibi, ukumbi wa msikiti wa Sheikh Marzuki.

Katikati alitakiwa ajenge ukuta. Yeye akashusha mapazia mawili.

"Kwa jicho ni mamoja," anaeleza. "Mapazia mawili yanaacha uwazi uleule wa ukuta mmoja, hata mzuri zaidi, unaupima utakavyo. Ndivyo nilivyozoea tangu enzi za vipande vyangu. Vijana wa kompyuta walikuwa wameniambia: Hajja, usifanye hivyo tena, ukurasa mpya ukifunguliwa kwenye simu unalimeza pazia la pili. Mimi nikatazama kioo changu, nikaona nafasi ipo, nikasema hawa wamezaliwa juzi."

Kwenye kompyuta yake nafasi ilikuwepo. Kwenye simu za Tanta nzima haikuwepo. Fundi wa majiko alikuwa ameingia ndani ya tanzia ya Haji Zaghlul, chini kabisa, kama mpangaji wa chumba cha uani.

Sasa huku kwetu watu husoma tanzia kwa namna moja. Wanasoma jina la juu, wajue nani. Wanasoma mstari wa mwisho, wajue wapi na saa ngapi. Katikati huachiwa jamaa wajitafute. Kwa hiyo mji ulisoma: Haji Zaghlul Abu Stet, matanga leo baada ya magharibi, ukumbi wa Sheikh Marzuki.

Na mji ukaenda.

Mjane wa Bayumi, Bi Nabawiya, anasimulia akiwa amekaa kwenye kiti cha chini mlangoni kwake Darb Siraj, kitambaa cheusi kichwani na kisu cha bamia mkononi.

"Tulikodi viti thelathini. Nikamwambia mkwe wangu, thelathini vya nini, mwanangu? Marehemu alikuwa na marafiki wanane, na watano wametangulia. Akaniambia, mama, hawakodishi pungufu. Basi magharibi ikaisha, nami niko dirishani juu na wanawake, naona gari linasimama. Jeusi. La pili. La tatu. Nikamwambia dada yangu, polisi hao, Bayumi kafanya nini?"

Walikuwa meneja wa benki, madaktari, wafanyabiashara wa pamba, wakili mwenye fimbo. Mlangoni walisimama mkwe wa Bayumi na mpwa wake mmoja, wamevaa suti za kuazima, wakipokea mikono. Kila aliyeingia alisema maneno yake, nao wakaitika yao. Nani atamuuliza mwenye msiba, wewe ni nani?

Msomaji wa Kurani akaanza. Na desturi anaijua kila mtu: msomaji akianza robo ya juzuu, aliyeketi hainuki mpaka robo iishe. Wakaketi. Viti vikaisha, majirani wakateremsha vya kwao, vya jikoni, vya kinyozi, mpaka benchi la muuza juisi ya miwa. Kahawa chungu ikaisha mara tatu. Vikombe vikaja visivyofanana.

"Daktari mmoja akamvuta sikio kijana wa kahawa," anasema Bi Nabawiya. "Akamnong'oneza: watoto wa Haji wako wapi? Kijana akasema: Haji gani, bwana? Huyu ni Bayumi wa majiko. Mkwe wangu alikuwa karibu, aliona uso wa daktari ulivyobadilika. Alitaka kuinuka. Msomaji naye ndiyo kwanza kavuta pumzi ya robo ya pili."

Daktari alibaki na kikombe mkononi. Kisha akauliza tena, kwa sauti iliyokuwa nyingine: Bayumi gani, yule aliyekuwa akipita na sanduku la mbao begani, anagonga ufunguo kwenye chuma? Kijana hakujua, hakuwa amezaliwa. Mzee wa pembeni akajibu: ndiye huyohuyo.

"Daktari akasema, alikuwa akizibua jiko la mama yangu. Akasema jiko likiziba nyumba yetu ilikuwa kimya, na akiondoka Bayumi linanguruma tena, ndipo tunajua tutakula. Akaweka kikombe chini, akajiegemeza. Alikaa mpaka robo ya tatu ikaisha. Hata wengine walikaa. Wengine walitoka, Mungu awape heri, walikuwa na kwao. Lakini mume wangu alisomewa mbele ya watu mia mbili, na mimi nilikuwa namwonea huruma kwa viti thelathini."

*

Kesho yake mji ulicheka. Na kicheko kilielekea nyumba moja.

Watu walisema wana wa Abu Stet wamebana mpaka kahawa, wamemwekea baba yao matanga ya viti vya kuazima. Wengine walisema, kumbe fundi majiko ni jamaa yao, na siku zote walimficha. Mtoto mkubwa, Injinia Mahgub, alikwenda ofisini kwa mhariri mkuu, Ustadhi Hatim Zaki, akiwa na karatasi iliyopigwa chapa. Ilisema familia ya Abu Stet inatangaza kwamba haina undugu wala uhusiano wowote na mtu aitwaye Bayumi Atris. Alitaka itoke juu kabisa ya ukurasa wa tanzia, na aipange yuleyule aliyekosea.

Ustadhi Hatim akampigia simu Bi Inshirah. Ustadhi mwenyewe hakatai kwamba alimsihi.

"Nilimwambia, Hajja, kosa ni letu. Ni mstari mmoja tu. Uweke, tulale."

"Kosa ni langu, si letu," Bi Inshirah akamjibu. "Nikate mshahara. Nitaandika kwa jina langu kwamba nilikosea. Lakini mtu aitwaye? Mtu aitwaye? Yule ni maiti ana mjane. Nimeshamzika kwenye kaburi la mwingine, sasa nimtoe nimtupe njiani?"

"Wale wanatupa matangazo ya mwaka mzima, Hajja."

"Basi wape ukurasa wao wajipangie."

Ustadhi Hatim ana programu ya kompyuta aliyoletewa na kampuni ya Kairo, inayopanga aya yenyewe bila mkono wa mtu, na wote wawili walijua ipo. Akasema atangoja mpaka Alhamisi, magharibi. Mstari usipokuwepo, Ijumaa ukurasa utapangwa na programu.

Mabinti wa Bi Inshirah walimgombeza kila mmoja kwa zamu. Mkubwa alimwambia, mama, una miaka sitini na minne, unagombania nini, wafu hawasomi. Yeye akasema: "Ndiyo maana nawasomea."

*

Alhamisi hii ni ya tatu tangu kifo, siku ambayo bado wajane hupokea watu nyumbani. Saa nane mchana Bi Inshirah anavaa baibui lake jeusi la heshima, anakodi tuktuk, na kwenda nyumbani kwa kina Abu Stet. Hakualikwa na mtu. Anasema rambirambi haihitaji kadi.

Sebule ya wanawake imejaa. Mjane, Hajja Tafida, ni mwanamke mdogo wa mwili, wa miaka themanini hivi, amezama ndani ya kiti kikubwa kilichopambwa dhahabu kama kokwa ndani ya embe. Bi Inshirah anainama, anambusu bega, anataja jina lake na kazi yake.

Vikombe vinatua kwenye visahani.

"Ndiwe uliyemzika mume wangu na fundi wa majiko?" anauliza Hajja Tafida.

"Ndimi, Hajja. Mkono ni wangu. Nimekuja unilaumu usoni."

"Kaa kwanza. Mtu halaumiwi amesimama, damu inashuka miguuni." Anamtazama. "Unakunywa kahawa?"

"Nakunywa."

Analetewa. Hajja Tafida anangoja mpaka amemaliza, kisha anamtuma mtu amwite Mahgub kutoka upande wa wanaume. Injinia anakuja, anasimama mlangoni, mtu mpana mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Akimwona Bi Inshirah, anaelewa.

"Mama, hili nimeshalimaliza na gazeti."

"Hebu nisaidie kuhesabu, nimezeeka. Wangapi walikwenda Sheikh Marzuki?"

"Wanasema mia mbili."

"Walikwenda kwa nani?"

Injinia Mahgub anatazama zulia. "Kwa baba."

"Na sisi tulikuwa wapi?"

Mwanamke mmoja anashika shanga za tasbihi zisilie.

"Mlisema siku hizi watu wana shughuli," anasema Hajja Tafida, na sauti yake haipandi hata kidogo. "Mlisema barabara zina msongamano, maziko yanatosha. Nikanyamaza, nyinyi ndio wanaume. Miaka hamsini na tatu nimelala na kuamka na baba yenu, hakukosa matanga ya mtu. Alikwenda ya jaji, alikwenda ya bawabu. Yake hayakuwepo. Mia mbili wakatoka majumbani wamevaa, wamekuja kumlilia, wakakosa mlango. Aliyewafungulia ni nani?"

"Mama, watu wanatucheka."

"Watacheka mpaka lini? Yule mjane aliwanywesha wageni wetu kahawa yake mpaka ikaisha. Sasa wewe unataka kuandika gazetini kwamba hatumjui."

Injinia Mahgub anatoa karatasi kwenye mfuko wa ndani wa koti, ile iliyopigwa chapa, anaitazama kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Anaikunja mara nne.

"Fanyeni mnavyoona," anasema, na anarudi kwa wanaume. Hakuomba radhi, wala hakuombwa.

Hajja Tafida anamgeukia mgeni wake. "Waache basi hivyohivyo walivyo, pamoja. Mimi sijali."

Hapo ndipo wanawake wote wanaposhangaa, kwa sababu Bi Inshirah anatikisa kichwa.

"Hapana, Hajja. Unisamehe. Bayumi alikuwa na jina lake na mlango wake. Hakukaa kwenye kivuli cha mtu. Nitawaweka upya wote wawili, kila mmoja na ukuta wake, na sitaongeza neno hata moja."

Hajja Tafida anapangusa goti lake kama kuna makombo.

"Haya," anasema. "Lakini wawe jirani."

*

Kabla ya magharibi Bi Inshirah amerudi mezani kwake. Anaandika tanzia zile mbili tena katika ukurasa wa siku ile, moja juu, moja chini. Anabonyeza kitufe kikubwa peke yake, mara moja, kisha anachukua simu ya mjukuu wake na kutazama humo. Nafasi ipo. Anachukua simu ya jirani, ya aina nyingine. Ipo. Anatuma.

Chini kabisa ya ukurasa ameweka maneno kumi na mawili kwa jina lake mwenyewe, yanayosema alikosea kupanga na anaziomba radhi nyumba zote mbili.

Ustadhi Hatim anapiga simu baada ya sala. Kwanza anasema hakuna mstari wa Injinia. Bi Inshirah anasema hakuna. Kisha anasema Injinia mwenyewe amempigia robo saa iliyopita, amesema hautaki tena, hakueleza kwa nini.

"Nitakukata siku kumi," anasema Ustadhi Hatim.

"Ndiyo haki."

"Na Hajja, hayo mapazia mawili..."

"Nimeyaacha, mwanangu. Nimeandika kwenye ukuta wa jikoni kwa mkaa."

Anakata simu, anaweka mikono juu ya magoti. Halafu anasema kwa sauti ndogo kwamba miguu imemuuma tangu saa nane, hakumwambia mtu.

Darb Siraj, jioni hiyohiyo, Bi Nabawiya ameletewa kilo tano za kahawa ya kusaga na dereva asiyetaja jina la aliyemtuma. Ameigawa kwa majirani waliotoa vikombe. Amebakisha robo.

*

Kuna jambo lingine Bi Inshirah analitaka, na analianza asubuhi ya Ijumaa, tanzia za siku zikishatoka.

Mwaka jana gazeti lilipitisha nakala zake zote za zamani kwenye mashine na kuzitia kwenye tovuti. Mashine ilisoma maneno, ikaacha nafasi. Tanzia za miaka yake ya mwanzo, zile alizobandika kwa wembe na gundi, ziko humo zimekuwa donge moja, mtu hajulikani anapoanzia wala anapoishia. Ziko elfu ishirini na tano na ushei. Hakuna aliyemwomba azifungue, na hakuna atakayemlipa.

Mwezi uliopita mwanamke mmoja aliandika kutoka Kuwait. Anamtafuta mama wa bibi yake, mshona nguo wa Sigar, aliyekufa mwanzoni mwa mwaka 1981. Jina lake halijui. Bibi alimwita "mama" tu mpaka naye akafa. Anajua tu kwamba kulikuwa na tanzia.

Bi Inshirah amefungua ukurasa wa Januari 1981. Kioo kimejaa maneno kutoka juu mpaka chini bila pa kupumulia. Anashusha miwani ya kichwani, anapandisha ya machoni, anapima kwa vidole.

"Nikifanya kumi kwa siku, bila kuugua, ni miaka saba," anasema. "Nitakuwa na sabini na moja. Daktari amesema mgongo huu hautaki kiti. Nikamwambia usubiri, wafu hawa wamesubiri zaidi."

Anaweka mshale mbele ya jina la kwanza na kubonyeza. Msafirishaji wa mizigo wa stesheni anajitenga na mke wa mwalimu. Anabonyeza tena. Mwalimu wa hesabu. Mtoto wa siku tisa. Kisha, katikati ya donge, anasimama, anasogea karibu na kioo, midomo ikisoma bila sauti.

"Saniya Habashi," anasema. "Mshona nguo wa Sigar. Ameacha binti mmoja."

Anambonyezea nafasi juu, anambonyezea nafasi chini, na anavuta simu amwandikie yule mwanamke wa Kuwait.